Folda ya Marehemu

Koti la Luka lilibaki kwenye mgongo wa kiti chake tangu wiki aliyozikwa, na hakuna mtu wa ofisi ile ya maji aliyethubutu hata kulikung'uta. Vumbi la Shinyanga nalo halina adabu. Lilikwisha kuligeuza koti la bluu likawa na rangi ya gunia. Kila asubuhi Maduhu alipofika kutoka kwake Ngokolo na kufungua madirisha, alilipita koti lile kwa ubavu, asiliguse, kisha akaenda kukaa mbele ya kompyuta upande wa pili wa chumba.

Ndiyo desturi. Vitu vya marehemu haviguswi mpaka ndugu waanue matanga, wakae chini, waseme hiki cha nani na kile cha nani. Matanga ya Luka yalikuwa yamechelewa kwa sababu baba yake mdogo, ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo, alikuwa Ushetu na tumbaku yake, na mkulima wa tumbaku haondoki soko likiwa wazi, hata afiwe na nani. Basi koti likasubiri, kiti kikasubiri, na kikombe cha chai chenye mpini uliovunjika kikasubiri kwenye kabati.

Kazi ya Luka na Maduhu ilikuwa kutafuta maji. Walikwenda vijijini, wakapigilia vyuma ardhini, wakapitisha umeme wa betri na kupima jinsi udongo unavyoupokea. Vipimo vile vilirudi mjini, vikaingizwa kwenye kompyuta, na kompyuta ikasema hapa pana maji, pale hapana, chimbeni urefu huu. Wanakijiji waliita uganga wa waya. Luka alipenda jina hilo kuliko cheo chake.

Ubongo wa uganga ule ulikuwa maktaba aliyoiandika Luka mwenyewe kwa lugha ya C. Watu wa kompyuta wanaposema maktaba hawana maana ya nyumba ya vitabu. Wana maana ya mafungu ya hesabu yaliyokwisha andikwa, ambayo programu nyingine huyaita yanapohitajika. Maktaba ya namna hiyo ikishakompailiwa, yaani ikishageuzwa kuwa lugha ya mashine, inakimbia kwa kasi lakini macho ya binadamu hayaisomi tena. Maduhu yeye aliandika skripti fupifupi kwa Perl, lugha nyepesi ambayo unaweza kuifungua na kuisahihisha ukiwa umekaa juu ya debe porini. Skripti zilipokea vipimo, zikaipelekea maktaba, zikaleta jibu.

Kati ya Perl na C kulihitajika daraja, na daraja lilikuwa mzigo wa Maduhu. Upande mmoja ukibadilika, lazima lijengwe upya. Kulikuwa na faili moja ya mipangilio iliyomwelekeza mjenzi, yaani programu inayolijenga daraja: tumia Perl ya toleo hili, na maktaba itafute hapa kwanza, ukiikosa katafute pale. Hakuna kazi isiyo na sifa kama kuitunza faili ya namna hiyo. Ikienda sawa hakuna anayejua kwamba ipo, na ikienda mrama kila mtu anajua jina lako.

Mwaka ule wa tisini na tisa dunia nzima ilikuwa inatetemeka kwa hofu ya mwaka elfu mbili. Wafadhili wakaandika kwamba kompyuta ya zamani itachanganyikiwa tarehe ikigeuka, kwa hiyo inunuliwe mpya. Habari hizo zilifika Luka akiwa bado mzima, na zilimfurahisha.

"Ngosha," alimwambia Maduhu, kama Wasukuma wanaume wanavyoitana, mguu juu ya meza, "mashine ikija tutajenga kila kitu upya. Maktaba yangu inadanganywa na tope. Nimeshaligundua kosa."

Kosa lenyewe lilikuwa hivi. Udongo mweusi wa mbuga ukilowa chini kwa chini hupitisha umeme vizuri, karibu sawa na mwamba wenye maji. Maktaba ya Luka ilikuwa haitofautishi. Kwenye mchanga ilisema kweli. Kwenye mbuga iliona tope ikashangilia maji. Na Luka hakuligundua kosa hilo kitabuni. Aliligundua alipovitazama tena na tena vipimo vya Mwamadulu, kijijini kwao, vilivyokuwa vinamnyima usingizi. Akarekebisha maandishi ya maktaba, akayahifadhi kwenye diski, akaandika juu yake kwa kalamu nene "mpya". Kabla mashine haijafika, malaria ilimpanda kichwani, na juma lile lile wakamzika kwao.

Mwamadulu palikuwa na mama yake, Melania, na kati ya watoto aliowazaa Luka peke yake ndiye aliyekua akawa mtu mzima. Palikuwa pia na mkewe, Euphrasia, mtu wa Chato, aliyezaliwa akiyaona maji ya ziwa kila anapotoka mlangoni, na binti yao Kabula. Kisima cha karibu kilikuwa mwendo wa asubuhi nzima kwenda na kurudi, na Kabula alikuwa anaukosa ubao wa shule kwa ajili ya ndoo. Siku ya mazishi Euphrasia alimvuta Maduhu pembeni ya minyaa iliyozunguka kaya na kumwambia bila kuzungusha maneno.

"Shemeji, Baba Kabula aliniahidi kisima. Mtambo ukija ukapata maji, nabaki hapa na mama, namlea mpaka mwisho. Usipopata, narudi Chato kwa kaka yangu na mtoto wangu. Usinione mbaya."

"Siwezi kukuona mbaya," Maduhu alisema. "Maji yatapatikana. Luka ameshayatafuta."

Mtambo wa kuchimba haukuwa wao. Ulikuwa wa watafiti wa dhahabu, unapita kuelekea Geita, na mkubwa wa mradi wao wa maji alikuwa ameubembeleza usimame Mwamadulu mara moja tu. Shimo moja, basi. Baada ya hapo ungekwenda kutafuta kitu kinachopendwa kuliko maji, na nani angeurudisha?

Kompyuta mpya ililetwa na Hozefa, mtoto wa mzee Taherali mwenye duka la pampu na vipuri karibu na soko. Hozefa alikuwa amejifunza kompyuta kwa kuziharibu, kama mwenyewe alivyopenda kusema, na alikuwa mtu wa utani mwingi. Lakini alipoingia ofisini na kuliona lile koti, aliweka boksi chini taratibu.

Wakahamisha mafaili kutoka mashine ya zamani. Wakafika kwenye folda iliyoitwa luka.

"Hii tunaiacha kule kule?" Hozefa aliuliza. "Au niifute, si una diski yake mpya?"

"Usiifute! Ihamishe kama ilivyo. Vitu vya marehemu haviguswi mpaka matanga."

"Hata vya kwenye kompyuta?"

"Hivyo ndivyo vyake hasa. Koti alinunua, lakini hivi alivitengeneza mwenyewe."

Hozefa akatikisa kichwa kwa kuelewa. "Sisi tunangoja arobaini," alisema. "Mama yangu alikuwa haruhusu hata kitanda cha babu kisogezwe." Akaihamisha folda nzima, na ndani yake ile maktaba ya zamani iliyokwisha kompailiwa, ikakaa mahali pake kwenye mashine mpya.

Maandishi mapya ya Luka wakayakompaili vizuri, wakaiweka maktaba iliyozaliwa kwenye folda ya mfumo, mahali panapostahili. Ikabaki daraja. Maduhu akafungua faili yake ya mipangilio. Akabadilisha toleo la Perl. Akabadilisha jina la kompaila. Akafika kwenye mstari unaosema maktaba itafutwe wapi, na mstari huo ulianza na folda ya Luka, kwa kuwa siku zote ndiko maktaba ilikokuwa ikikaa.

Kidole chake kilisimama juu ya kitufe cha kufuta. Angefuta, basi jina la Luka lingekuwa limeondoka kwenye kazi aliyoianzisha, na ndugu zake hawajakaa. Aliona kama anamwamsha rafiki yake kwenye kiti ili akae yeye. Moyo ukamkataza, na siwezi kusema moyo ule ulikuwa mbaya. Akaliacha jina la Luka pale mbele, akaongeza folda mpya baada yake.

Hozefa alikuwa ameinama begani kwake. "Bwana Maduhu, lile la kwanza si ndilo litakalosomwa kwanza?"

"Tutalitoa matanga yakianuliwa," Maduhu alijibu, na sauti yake ilikuwa na ukali kidogo. Hozefa akajiona kama aliyeongea msibani. Akajifuta jasho, akaenda kufunga waya za printa.

Wakajenga. Daraja likakubali bila malalamiko, na hiyo ndiyo bahati mbaya yenyewe. Lingekataa, lingetapika makosa skrini nzima, wangekaa wakatafuta. Lakini mjenzi alikwenda alikoelekezwa, akaikuta maktaba kwenye folda ya Luka, akaridhika, akafunga kazi. Ile mpya, yenye marekebisho, haikuguswa na mtu. Wakaijaribu kwa vipimo vya kisima cha zamani pale mjini, penye mchanga, jibu likatoka sahihi. Kwenye mchanga hata ile ya zamani ilikuwa inasema kweli. Hozefa akapiga makofi, akatuma mtu akalete soda.

Kisha Maduhu akaingiza vipimo vya Mwamadulu. Skripti ikajibu: mbugani, chini ya kaya, maji mengi. Maduhu aliinama juu ya meza akalia kidogo kwa furaha. Aliamini kosa la tope limekwisha sahihishwa, akadhani Luka amemjibu.

Mtambo ulifika Mwamadulu asubuhi, na kijiji kizima kilikuwa kimevaa vizuri. Akina mama walikuja na ndoo zilizosuguliwa kwa mchanga zikang'aa, jambo ambalo Maduhu hakulisahau tena maisha yake. Kabula alikuwa na kindoo chake cha mafuta ya kupikia kilichofungwa kamba. Euphrasia alisimama karibu na mama mkwe wake, mikono imekunjwa.

Mtambo ukanguruma, vumbi likapaa. Baada ya vumbi likaja tope la kijivu, zito, linanata kwenye chuma, na watu wakapiga vigelegele kwa kudhani unyevu ni maji. Maduhu naye alipiga kelele. Wachimbaji peke yao ndio hawakucheka. Walikwenda chini mpaka urefu uliosemwa, wakaongeza na wa huruma, wakakutana na mwamba mkavu mgumu. Msimamizi wao akazima injini, akavua kofia.

"Kaka, hapa ni tope tupu. Hakuna kitu."

"Sogezeni kidogo," Maduhu aliomba. "Pale tu, nyuma ya minyaa."

"Tuliambiwa shimo moja. Kesho tunatakiwa tuwe Geita."

Akina mama walianza kuondoka mmoja mmoja, na ndoo zikigongana zilitoa mlio mtupu. Mzee mmoja wa pembeni akamwambia mwenzake kwa Kisukuma, kwa sauti ya kusikika, kwamba hata Luka mwenyewe pengine alikuwa anawapumbaza tu na waya zake. Melania aliyasikia. Hakugeuka. Alimshika Kabula mkono akampeleka ndani.

Soko la tumbaku lilipofungwa, baba mdogo akaja kutoka Ushetu na matanga yakaanuliwa. Nguo zikagawiwa, baiskeli ikapata mwenyewe, shamba likabaki kwa mama. Euphrasia akasimama mbele ya ukoo, akasema anakwenda Chato, na kila mtu alijua alichokuwa amekisubiri. Melania alimfungia nguo za Kabula kwa mikono yake mwenyewe. Baba mdogo akamgeukia Maduhu aliyekuwa amekaa karibu na mlango.

"Vya ofisini, sisi hatuvijui. Hivyo ni vyako. Fanya unavyoona."

Basi Jumatatu Maduhu akalikung'uta koti, akalikunja, akaliweka kwenye mfuko apelekewe mama. Akaosha kikombe. Akainakili folda ya Luka kwenye diski kwa ukumbusho, akaandika jina, kisha akaifuta kwenye mashine. Aliona amefanya yote kwa heshima, na moyo wake ukatulia kwa mara ya kwanza tangu mtambo uondoke.

Saa hiyo hiyo Hozefa alikuwa amepita kuangalia printa. Maduhu akaiita skripti ichape karatasi ya kijiji kingine ili waijaribu. Skripti ikagoma. Ikaandika kwamba maktaba haikupatikana, na ikataja mahali ilipokuwa inaitafuta: folda ya luka.

Maduhu akausoma ujumbe ule mara ya pili.

"Ilikuwa inaisoma ya zamani," alisema. "Hozefa, siku zote ilikuwa inaisoma ya zamani."

Hozefa alivuta kiti, akasahau kwamba kilikuwa cha Luka, akakaa. Hakuna aliyemwambia ainuke. Maduhu akafungua faili ya mipangilio, na safari hii akalifuta jina bila kidole kusimama. Akajenga daraja upya. Ilichukua muda wa kunywa chai. Akaingiza vipimo vya Mwamadulu, vile vile ambavyo Luka alivipima kwa mikono yake. Skripti ikajibu: mbugani tope, hapana maji. Nyuma ya minyaa, kwenye mwamba uliopasuka, maji yapo, tena si mbali.

"Niliuona ule mstari," Hozefa alisema. "Nikauona nikanyamaza. Ningebishana na wewe, Maduhu. Kwa nini sikubishana?"

"Ungebishana ningekufukuza."

"Ungenifukuza ningerudi."

Maduhu aliutazama mfuko wenye koti. Kilichomuuma ni kwamba hakufanya uzembe. Angekuwa mlevi, angekuwa mvivu, angejua pa kujipiga. Alifanya kwa mapenzi, akalilinda kosa la rafiki yake lisiguswe na mtu, na sahihisho lake, jambo la mwisho alilolifanya akiwa na akili timamu, akalizika pamoja naye. Mkubwa wa mradi aliandika kuomba mtambo tena. Akajibiwa kwamba wenye mtambo wameshapata kazi ya kutosha Geita, waulizwe mwakani.

Jumamosi akapanda gari la mizigo mpaka Mwamadulu. Kaya ilikuwa imefagiwa, haina sauti ya mtoto. Chini ya kaya, mbugani, lile shimo lilikuwa limefunikwa kwa matawi ya miiba mbuzi wasidumbukie. Melania alikuwa anachambua choroko mlangoni, peke yake.

"Mwadila, mayu," Maduhu alimsalimu mama kwa Kisukuma.

"Mwadila, mwanangu. Karibu. Umekonda."

Akampa koti. Mama akalipokea, akalinusa kwenye kola, akaliweka magotini juu ya ungo. Maduhu akaanza kueleza, na kila neno la kompyuta likamfia mdomoni, mpaka akabaki na maneno ya kawaida. Kwamba Luka aligundua kosa kabla ya kuugua. Kwamba alilisahihisha. Kwamba sahihisho lilikuwepo mle mle ofisini, na yeye Maduhu ndiye aliyeielekeza mashine kwenye kazi ya zamani, kwa sababu ilikuwa na jina la Luka na hakutaka kuigusa kabla ya matanga.

Vidole vya Melania viliendelea kutafuta choroko mbovu chini ya koti.

"Kwa hiyo Luka hakukosea?"

"Hakukosea, mayu. Maji yapo nyuma ya minyaa pale. Yeye alikwisha kuyaona."

Mama akageuka kuitazama minyaa, ambayo ilikuwa hatua chache tu kutoka jikoni kwake, karibu na pale Euphrasia aliposimama siku ya mazishi.

"Ungevigusa, mwanangu," alisema, wala hakusema kwa ukali. "Luka tangu mdogo hakuwa mtoto wa kuzuia vitu vyake. Shati alilovaa leo, kesho unamwona nalo mwenzake. Ungevigusa tu. Wala asingekasirika."

Maduhu akainamisha uso, akalia waziwazi bila kuficha, mtu mzima na ndevu zake. Melania akamwacha alie. Kisha akainuka kwa kujishika kiuno, akaingia ndani, na Maduhu akasikia kata ikikwaruza chini ya mtungi. Mgeni akifika hupewa maji, na kwa Melania hakuna mgeni aliyewahi kuondoka bila kupewa.

Akatoka na bakuli la bati, akampa kwa mikono miwili. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Kabula hayupo tena wa kuyateka. Maduhu alijua ni miguu ya nani iliyoyafuata, na ilianza safari saa ngapi.

"Mayu, sina kiu."

"Kunywa. Umetoka mbali."

Akayanywa yote, asibakize hata tone, kwa sababu kuyabakiza kungekuwa kuyamwaga. Mama alisimama mbele yake akingoja bakuli, na alipolipokea akauliza kama amwongezee.